Betri mbili za lithiamu kutoka Shenzhen: zipimwe kwa mizani kwanza

Hizi ni betri za lithiamu za kuhifadhi umeme wa jua, za kuweka kwenye raki, kila moja volti 51.2 na ampea-saa 100, nilizoziagiza moja kwa moja kiwandani Shenzhen, China. Zimefungwa nyumbani kwangu Mkuranga, njia ya kwenda Kisiju, ambako nguzo za umeme zimeishia barabarani na kwetu ndani hazijafika. Zimebeba friza mbili za samaki, friji, pampu ya kisima, feni, taa na televisheni kwa msimu mzima wa korosho na masika yote yaliyofuata. Nazipa nyota nne kati ya tano. Betri zenyewe zingepata tano. Nyota iliyokatwa ni ya kebo na makaratasi, nako nitafika.

Jina la kiwanda silitaji, kwa sababu viwanda vya aina hii ni vingi sana, karibu vyote hununua seli, yaani vile vibetri vinavyounda betri kwa ndani, kwa watengenezaji wakubwa na kuziunganisha tu, na jina lililo kwenye kava hubadilika kutwa. Cha kuangalia ni seli zilizomo ndani, bodi inayozilinda, na kama uzito unalingana na maandishi. Hilo la uzito ndilo limenifanya niandike.

Kwanza tuhesabu kwa uniti, maana uniti kila aliyewahi kununua umeme wa LUKU anazijua. Volti 51.2 mara ampea-saa 100 ni wati-saa 5,120, yaani uniti tano na kidogo. Betri mbili ni uniti kumi na kidogo. Nyumba yangu pamoja na friza inakula uniti sita hadi saba kwa siku, na karibu nusu yake ni usiku. Nilikuwa na betri nne za jeli, ambazo ni aina ya betri za risasi, za volti 12, ampea-saa 200, ambazo kwa maandishi ni uniti tisa na nusu. Lakini betri ya risasi ukitaka ikae usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo kwa kweli nilikuwa na uniti nne na nusu, tano. Na kwa joto la Pwani hazikumaliza miaka mitatu. Zilipochoka, pampu ikiwaka wakati friza nayo inaanza kuvuta, volti zilianguka na inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa nyumbani, ikapiga kelele saa tisa usiku. Mwenye pweza na changu ndani ya friza anaijua hofu ya kelele ile.

Hizi za lithiamu nazishusha hadi asilimia 20 bila wasiwasi, kwa hiyo nina uniti nane za kutumia. Pampu ikiwaka, volti hazitikisiki. Na jua la saa nne asubuhi linaingia lote. Betri ya jeli ikishakaribia kujaa hupokea kidogo kidogo kwa saa nyingi, jua linakuchwa haijamaliza. Lithiamu inameza unachoipa mpaka karibu na mwisho. Paneli zangu ni sita za wati 550. Siku isiyo na mawingu betri zote mbili zimejaa saa saba au nane mchana, na hapo ndipo napiga pampu, nafua, nagandisha barafu ya kuuza. Umeme ambao zamani ulipotea sasa unanilipa.

Sasa mizani. Kabla ya kuagiza nje nilizunguka maduka ya Dar es Salaam, kwa sababu ningependa kununua kwa mtu ninayeweza kumfuata. Kwenye duka moja Kariakoo nikaonyeshwa betri ya lithiamu iliyoandikwa volti 12.8, ampea-saa 200. Kava zuri, kioo kidogo cha asilimia mbele, bei nafuu. Nina mizani ya kuning'iniza ninayopimia samaki, na siku hiyo nilikuwa nayo kwenye mkoba. Nikaiomba betri, nikaitundika. Kilo kumi na moja na nusu.

Kijana akaniambia, "Mama, lithiamu sifa yake ni wepesi."

Ni kweli. Betri ya jeli ya ukubwa huo ni kilo hamsini na kitu, na lithiamu ya kweli haifiki nusu yake. Lakini wepesi nao una mpaka. Seli nzuri za aina hii, zile za chuma na fosfeti zinazoitwa LFP, hubeba wati-saa 160 hadi 180 kwa kilo moja. Chukua seli ya LF280K ya kampuni ya EVE, ambayo wengi wanaiamini: ampea-saa 280, volti 3.2, kilo tano na gramu mia nne hivi. Gawanya mwenyewe. Betri ya volti 12.8 na ampea-saa 200 ina wati-saa 2,560, kwa hiyo seli zake peke yake hazipungui kilo kumi na nne. Ongeza kava, bodi, shaba na vichwa vya kufungia waya, unakaribia kilo ishirini au kuzipita. Ile ya kilo kumi na moja na nusu, hata kava na shaba zingekuwa hazina uzito kabisa, ndani hamfiki ampea-saa 165. Nilimwambia, "Mwanangu, nipe basi ya kilo ishirini na mbili." Hakuwa nayo. Nikamshukuru nikatoka.

Hili linaniuma, sitaficha. Wanaouziwa betri hizo ni wavuvi waliouza pweza wa msimu mzima, ni wakulima waliopokea malipo ya korosho na wanataka watoto wasome usiku. Wanakwenda nayo nyumbani, inakaa hadi saa nne usiku inazima, na fundi anawaambia paneli ndogo, ongeza paneli. Wanaongeza. Tatizo lilikuwa kwenye betri tangu dukani, na mizani ya shilingi elfu chache ingelionyesha. Nawaomba, mkienda kununua, bebeni mizani. Muuzaji mwaminifu hachukii kupimiwa. Kwa betri ya uniti tano ya volti 51.2, tarajia kilo arobaini na zaidi. Hata betri ya US5000 ya kampuni ya Pylontech, ya uniti 4.8 na iliyotengenezwa kwa ustadi, ni kilo arobaini hivi. Ukiambiwa uniti tano kwa kilo ishirini na nane, rudisha mkono mfukoni.

Nikaamua kuagiza. Niliandikia viwanda kadhaa kupitia Alibaba, soko la mtandaoni la China, nikalipia humo humo, ili fedha zishikiliwe hadi nithibitishe kupokea. Swali langu la kwanza kwa kila kiwanda lilikuwa moja: nitumie picha ya betri yangu kabla hamjafunga kifuniko, namba za mraba (QR) zilizochapwa juu ya kila seli zisomeke, na picha ya betri hiyo hiyo ikiwa juu ya mizani. Waliojibu "ni daraja A, rafiki" bila picha niliwaacha. Daraja A na B ni hivi: mtengenezaji wa seli anazipima zote, na zile ambazo ujazo au ukinzani wake wa ndani haukutimia anaziuza kwa bei ya chini. Hazijafa, zinafanya kazi, ila hazilingani, na kwenye betri ya seli kumi na sita zilizofuatana, seli dhaifu moja ndiyo inayoamua betri nzima itatoa nini. Mara nyingi seli kama hizo utakuta namba zake zimekwanguliwa au zimebandikwa karatasi juu. Kiwanda nilichokichagua kilituma picha za seli kumi na sita kwa kila betri, za EVE, namba safi, pamoja na karatasi ya volti za kila seli na matokeo ya kupima ujazo. Bei ilikuwa kama dola 700 kwa moja.

Usafiri ndio uliochosha. Betri ya lithiamu peke yake ni mzigo wa hatari wa daraja la 9, namba yake ya kimataifa UN 3480, na tangu mwaka 2016 hairuhusiwi kusafirishwa kama mzigo ndani ya ndege ya abiria. Kwa uzito huu njia ni bahari tu. Meli inataka karatasi ya majaribio ya UN38.3, yale ya usalama wa betri safarini, na karatasi ya usalama wa kemikali, na namba ya modeli kwenye karatasi lazima iwe ile ile iliyo kwenye betri. Viwanda vingine hutuma karatasi ya betri nyingine kabisa, kwa hiyo soma kabla hujalipa. Wakala mmoja wa mizigo ya kuchanganya aliniambia tuandike "vifaa vya nyumbani", itapita na itakuwa rahisi. Nilikataa. Ndani ya kontena lile kuna vitenge vya mtu, kuna simu za mtu, na melini kuna mabaharia wenye watoto wao. Moto wa lithiamu katikati ya bahari hauzimwi kwa ndoo. Na mzigo uliodanganywa jina, ukipotea au ukiharibika, utadai nini? Nikampata mwingine anayepakia betri kwenye kontena lililotangazwa hivyo. Alikuwa ghali zaidi kwa kila mita ya ujazo, nami nilimlipa kwa moyo mweupe.

Kwa upande wa forodha, betri hizi zinaingia chini ya namba 8507.60. Mpe wakala wako wa forodha namba hiyo kabla mzigo haujaondoka China, akufanyie hesabu ya kodi kwa maandishi, na umuulize cheti cha ubora cha TBS kinatoka wapi na nani anakilipia. Mimi hilo la cheti nililimaliza mapema kupitia kiwandani. Kutoka kulipa hadi gari kusimama uani ilichukua zaidi ya miezi miwili. Betri moja, pamoja na kila kitu, ilinifikia kwa karibu shilingi milioni mbili na laki nane. Madukani Dar es Salaam, za ukubwa huo na zilizo nzito kihalali, niliziona kwa milioni tatu na nusu na kuendelea. Tofauti hiyo ni nzuri kwa betri mbili, lakini kwa betri moja nisingesumbuka. Ningemtafuta muuzaji wa hapa anayekubali mizani.

Zilipofika nilizitundika. Kilo arobaini na nne, zote mbili. Seli zote zilisoma kati ya volti 3.29 na 3.30. Fundi wetu, ambaye ni mtoto wa dada yangu na ana leseni yake ya kufunga umeme, akafunga kipimo cha ampea kwenye waya hasi, akajaza betri ya kwanza mpaka juu, kisha akaitoa yote kwa jiko la umeme la koili hadi bodi ikakata yenyewe. Ikatoa ampea-saa 101. Ya pili ikatoa 102. Hapo ndipo nilipobonyeza kuthibitisha kupokea mzigo, si kabla.

Kwa nini mbili na si moja? Inveta yangu ni ya kilowati tano. Wati 5,000 ukigawa kwa volti 51.2 ni ampea 98, na ukiongeza kinachopotea ndani ya inveta unavuka mia. Bodi ya betri moja, ile wanayoiita BMS, mwisho wake ni ampea 100. Pampu na friza zikianza pamoja ingekata, na nyumba nzima ingezima wakati betri imejaa. Betri mbili zikiungwa sambamba zinagawana mzigo, na moja ikipata shida nyingine inalinda samaki. Lakini haziungwi hivi hivi. Fundi alizijaza kila moja peke yake hadi volti zikalingana, akatumia waya za milimita za mraba 35 zenye urefu sawasawa kwa kila betri, akachukua waya chanya ya inveta kwenye betri moja na hasi kwenye nyingine. Kila betri ina fyuzi yake. Na wakati wa kugusisha inveta mara ya kwanza alipitisha umeme kwenye rezista kwa sekunde chache, maana inveta tupu huvuta kwa ghafla na cheche yake inaweza kula kichwa cha waya au kuumiza bodi. Fundi anayegusisha moja kwa moja akacheka na cheche, mtafute mwingine.

Shida ya kwanza ilikuja mapema. Betri ya pili ikikaribia kujaa, seli moja ilikimbia: wenzake wapo 3.42, yenyewe 3.63. Bodi ikaona hatari, ikazuia kuchaji. Hii haina maana kwamba seli ni mbovu, ina maana haijalingana na wenzake, na ile sehemu ya bodi inayosawazisha hufanya kazi kwa umeme mdogo sana, kwa hiyo haiwezi kumaliza kazi kwa siku moja. Dawa ilikuwa kushusha volti za kuchaji kwenye inveta. Kiwanda kiliandika 58.4, ambayo ni 3.65 kwa kila seli, ukingoni kabisa. Fundi akaweka 55.2, yaani 3.45 kwa seli, na akaiacha ikae pale kila mchana. Baada ya wiki kadhaa seli zote zilikuwa zimekaa mstari mmoja. Bado ipo 55.2, na sijapoteza chochote cha maana kwenye ujazo. Kama betri yako inakata mchana wakati jua ni kali, angalia hili kabla hujalaumu paneli.

Shida ya pili ni ya masika. Kioo cha betri kinahesabu asilimia kwa kujumlisha umeme unaoingia na kutoka, na kinajisahihisha betri inapojaa kabisa. Mawingu ya Aprili yakipita siku nyingi bila betri kujaa, hesabu inapotea: kioo kinasema 40, ukweli ni 25. Na volti hazikusaidii sana kujua, kwa sababu lithiamu ni kama mtungi wa gesi, moto unawaka vilevile hadi gesi inapokaribia kwisha, kisha unazima. Kwa hiyo masika nazima friza moja, nahamishia samaki kwenye nyingine, na siku ya kwanza ya jua sitoi barafu mpaka betri zijae na kioo kijisahihishe.

Sasa nyota iliyokatwa. Betri na inveta zinatakiwa kuzungumza kupitia kebo yenye kichwa kama cha intaneti, ili inveta ijue betri inataka nini. Kebo waliyotuma haikuwa ya inveta yangu, ingawa jina na modeli yake niliwaandikia kabla ya kulipa. Vichwa vinaingia vizuri, ila waya za ndani zimepangwa tofauti. Mwongozo ulikuwa na Kichina kingi na Kiingereza kisichoeleweka, na vile viswichi vidogo vya kuchagua lugha ya mawasiliano haukuvieleza kabisa. Niliomba mchoro, ukaja baada ya kuulizia mara nyingi, na fundi akakata kichwa akapanga waya upya. Mtu asiye na fundi wa damu angelipa nauli na ufundi kwa kosa la kiwanda. Hilo si dogo.

Dhamana imeandikwa miaka mitano. Soma masharti, kisha jiulize nani atarudisha kilo arobaini na nne za mzigo wa hatari hadi China. Hakuna. Dhamana ya kweli kwa mtu wa Mkuranga ni vipuri. Nilinunua bodi ya BMS ya akiba, ile ile ya modeli hii, ikawekwa kwenye sanduku moja na betri. Seli nzuri hazifi kirahisi, bodi ndiyo inayoweza kuungua kwa radi au kwa mkono wa fundi. Bodi peke yake si mzigo wa hatari, lakini kuisubiri kutoka China friza zikiwa zimezima ni hasara kubwa kuliko bei yake.

Neno moja kuhusu mahali pa kuziweka. Kiwanda kinaahidi mizunguko 6,000 ya kujaza na kutumia, ila kwa nyuzi joto 25, na chumba cha bati mchana wa Januari huku kwetu hakina nyuzi 25. Mimi nimeziweka kwenye chumba cha matofali kilichozungukwa na vyumba vingine, chenye matundu juu na chini. Si kwenye banda la makuti, ingawa ni baridi, na si kwenye stoo ya magunia ya korosho, maana ganda la korosho lina mafuta yanayowaka vibaya. Vichwa vya waya tunavipaka grisi kwa sababu ya upepo wa bahari.

Mwenye taa tatu na simu za kuchaji asijitese na mambo haya. Betri ndogo moja ya volti 12.8, nzito inavyopaswa, inamtosha.

Mimi naagiza ya tatu kabla ya masika yajayo, kiwanda kilekile. Safari hii nimewapa masharti mawili kwa maandishi: kebo ipimwe na inveta ya aina yangu na nitumiwe video ikizungumza, na mchoro wa viswichi ubandikwe ndani ya kifuniko. Wamekubali. Video ikifika nitalipa.